Ndama Wote Walichanjwa

Zipo siku nyingi za maisha yangu ambazo nimezisahau, mwanangu, na nyingine nimezisahau kwa makusudi. Lakini iko moja iliyokataa kusahaulika. Hata harusi yangu siikumbuki vizuri kama ninavyoikumbuka siku ile bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe kijijini kwetu, upande wa Butiama, nami nikashinda zizini na binti yangu wa kwanza mgongoni.

Sikuwa na nia ya kuizungumza. Ila wiki hii jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Kitaji, ametoka hospitalini alikokuwa akimuuguza mjukuu wake, akaja kukaa nami barazani, akaniambia kwamba wapo watoto waliolazwa kwa surua. Surua! Nilikuwa nachambua dagaa, mikono ikasimama. Akaniuliza, "Dada, mbona umenyamaza?" Nikamwambia hakuna kitu, ni jua tu limenipiga. Uongo mtupu. Moyo ulikuwa umeshafika mbali, na mpaka sasa haujarudi mahali pake. Basi kaa hapo, mwanangu, unisikilize, na kama una mtoto mgongoni ndiyo vizuri zaidi.

Wakati huo nilikuwa mke mbichi kabisa. Mume wangu, Magesa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ng'ombe. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza jina la mama yangu, angesitasita. Ungemuuliza habari za ng'ombe wake, angekutajia mmoja mmoja, na rangi yake, na mama yake, na tabia yake mbaya. Sikumchukia kwa hilo. Ng'ombe ndio waliotuoza, ndio waliotusomesha, na mtu akifiwa ni ng'ombe waliomzika kwa heshima.

Tulikaa katika mji wa baba yake, Mzee Wambura. Na hapa nikufafanulie jambo, maana vijana wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu mnacheka. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawakusemezana ovyo. Sikumpa mkono, sikupita mbele yake, sikumtazama usoni. Akitaka maji alimwambia mtoto, mtoto akaniambia mimi. Niliishi katika mji wake tangu kuolewa mpaka kuzaa, na sauti yake niliijua kwa kuisikia akisema na watu wengine.

Mtoto wangu huyo wa kwanza aliitwa Wegesa. Alipotimiza miezi tisa, mama mkwe akanikumbusha kwamba sindano ya surua imefika, na kliniki ya watoto inakuja Jumanne katika darasa moja la shule ya msingi. Nikajiandaa. Nikafua nguo zake, nikatafuta kadi yake, nikaiweka juu ya kapu ili nisiisahau.

Jumanne ikafika, na bwana mifugo naye akafika.

Mwaka ule kulikuwa na tetesi za sotoka. Nyinyi hata jina lake hamlijui, na mshukuru Mungu kwa kutolijua. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe ambao ukiingia zizini jioni, wenye zizi hawalali, kwa sababu unaweza kufagia mifugo yote ukabakiza kinyesi. Wazee walikuwa wameusikia kwa baba zao, nao walipotaja jina lake walishusha sauti. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba sindano ya ng'ombe imeletwa, kijiji kizima kilitoka kabla ya kukauka kwa umande. Wanaume wakiswaga, wanawake wakishika ndama, mavumbi yamefunika kila kitu.

Nilimwambia Magesa, "Baba Wegesa, leo ni kliniki ya mtoto."

Akanijibu huku anafunga kamba, wala hakuwa na ubaya, "Kliniki inakujaga kila mwezi, mama. Bwana mifugo akiondoka leo ni mpaka mwaka kesho. Nani atanishikia ndama?"

Ukiyapima maneno yale utaona yana akili. Hata mimi niliona yana akili. Nikamfunga Wegesa mgongoni kwa kitenge, nikaenda kushika ndama kwenye zizi la kijiji. Ng'ombe walipita mmoja mmoja katika njia nyembamba ya magogo, kila mmoja akadungwa. Alikuwepo ndama mmoja mwekundu aliyevunjika mguu, hawezi kutembea. Magesa alimbeba begani kutoka nyumbani mpaka pale, kupanda na kushuka kilima, akadungwa naye. Watu walimshangilia. Nami nilijivuna, nikasema moyoni kwamba nimeolewa na mwanamume. Wegesa alikuwa amelala mgongoni kwangu. Shule ilikuwa inaonekana kutoka pale tuliposimama, na nilikuwa nawaona wanawake wenzangu wamepanga foleni na watoto wao.

Mwezi uliofuata, siku ya kliniki ilikuta palizi ya mtama. Mwezi mwingine tulikuwa msibani. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nikiimba methali hiyo tangu shuleni, nikidhani inasemwa juu ya chakula.

Kisha Wegesa akapata malaria. Si malaria ya kunywa dawa ukalala, la, ilikuwa ile inayomgeuza mtoto macho. Magesa alitupakia kwenye baiskeli usiku usiku, na tukafika hospitali. Hospitali gani, haina haja kuitaja, maana walitutendea vizuri. Wakampa dawa, wakamtundikia dripu, na baada ya siku chache Wegesa akaanza kunyonya tena na kunivuta nywele. Magesa alirudi nyumbani kwenye ng'ombe. Mimi nikabaki wodini.

Kama hujawahi kuuguza, mwanangu, hujui undugu wa wodini. Wanawake hamjuani asubuhi, jioni mnakula sufuria moja. Huyu akienda kufua, yule anamshikia mtoto. Huyu akiletewa uji, anagawa. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha mama mmoja kutoka Mugango, tulimwita Mama Bwire. Yeye na mumewe walikuwa watu wa ziwani, na alikuwa na ucheshi ambao ulinifanya nicheke hata pale nilipotaka kulia. Mtoto wake, Bwire, alikuwa mkubwa kidogo kuliko Wegesa. Alilazwa kwa homa na kifua. Macho yake yalikuwa mekundu, mafua yanamtoka, anakohoa kikohozi kikavu. Nilimwonea huruma. Mama yake akienda kupika kwenye jiko la wauguzaji, nilimbeba Bwire mgongoni, Wegesa nimempakata mbele, nikawatembeza wote wawili kati ya vitanda nikiwaimbia.

Siku moja Mama Bwire akaanza kumvisha Bwire sweta na kofia ya sufu iliyofunika mpaka masikio. Na joto lile la mchana! Nikamuuliza, "Mwenzangu, si utampika mtoto?"

"Anasikiaga baridi huyu," akanijibu, akanipa mgongo. Tangu saa ile ucheshi wake ukaisha. Akawa hataki nimbebe, hataki mtu amguse.

Asubuhi yake muuguzi alipita kuwapima watoto homa. Alikuwa mama wa makamo, mpole lakini si wa kuchezewa. Akamvua Bwire kofia. Nikaona amesimama vilevile, kofia mkononi. Nyuma ya masikio ya mtoto, na shingoni, na kwenye paji la uso, palikuwa na vipele vyekundu vilivyoungana.

"Mama, hivi vimetoka lini?"

Mama Bwire akaanza kulia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba vimetoka juzi. Akasema kwao wamefundishwa kuwa mtoto mwenye surua hadungwi sindano, kwamba ukimdunga vipele vinarudi ndani vinamuua, basi alitaka vitoke vyote kwanza ndipo aseme. Muuguzi hakumfokea. Alimwambia tu, "Mama yangu, hakuna kinachorudi ndani," kisha akamchukua Bwire yeye mwenyewe, akampeleka chumba cha peke yake. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtamkia mwenzake methali.

Muuguzi akarudi na kupita kitanda kwa kitanda, akiuliza swali lilelile. Wengine walijibu ndiyo, amechanjwa, na sauti zao zilikuwa nzuri kusikia. Akafika kwangu.

"Huyu amechanjwa surua?"

"Bado."

"Ana umri gani?"

"Mwaka kasoro kidogo."

"Sasa kwa nini bado, mama? Kwenu kliniki haifiki?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Nilitafuta jibu la maana, nikakuta ninalo moja tu. Nikasema, "Tulikuwa na ng'ombe."

Hakucheka. Wala hakuniuliza maana yake. Aliniambia kwamba surua inaenda na hewa, kwamba mtoto anaweza kuipata hata kwa kulala chumba kimoja na mwenye nayo, sembuse kubebwa pamoja. Akaniambia pia kwamba chanjo ikiwahi ndani ya siku chache baada ya kukutana na mgonjwa, inaweza kuutangulia ugonjwa. Inaweza, alisema. Akarudia neno hilo ili nilisikie vizuri. Wakamchanja Wegesa palepale, wakampa na matone ya vitamini mdomoni. Alilia mpaka akakosa sauti, nami nikamshikilia nikiomba alie zaidi, kana kwamba kilio kingesukuma dawa ifike haraka.

Siku tuliyoruhusiwa kuondoka, nilikuwa nakunja kitenge juu ya kitanda niliposikia sauti ya kilio kutoka chumba kile cha peke yake. Nilimjua mwenye sauti kabla sijageuka. Wanawake wote wodini walisimama, kila mmoja akamshika mtoto wake. Sikuweza kwenda kumshika Mama Bwire, kwa sababu nilikuwa na Wegesa na mlango ule nilikatazwa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Tulikula sufuria moja, na siku aliyofiwa na Bwire nilisimama mbali kama mtu asiyemjua.

Nje, uani, Magesa alikuwa amekuja kutuchukua. Na hakuja peke yake. Mzee Wambura alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, fimbo mapajani. Nilishusha macho, nikapiga magoti mbali kama ilivyo desturi, nikamweleza mume wangu yote. Sikuficha kitu. Mzee alikuwa anasikia.

Nilipomaliza, akasema na mwanawe. "Magesa. Siku ile ya bwana mifugo, yule ndama mwekundu alifikaje kule?"

"Nilimbeba, baba."

"Begani?"

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa mzito?"

"Alikuwa mzito."

"Na huyu mtoto alikuwaga wapi siku hiyo?"

Magesa akainamisha kichwa. Mzee akamngoja. Watu waliokuwa wakipita uani wakaanza kutazama, na mzee hakujali.

"Nimekuuliza, mtoto alikuwa wapi?"

"Alikuwa mgongoni kwa mama yake. Palepale zizini."

"Palepale," mzee akasema. "Ameshabebwa tayari. Wewe ulikuwa huna hata kazi ya kumbeba." Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mama yangu alizaa watoto wengi. Surua ikapita mji wetu, nikabaki mimi na dada yangu. Wakati ule hapakuwa na sindano, Magesa. Baba yangu hakuwa na pa kumpeleka mtu. Wewe sindano imeletwa mpaka shuleni, unaiona kwa macho, ukachagua ndama."

Magesa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Alilia mbele ya watu. Nami nilikuwa bado nimepiga magoti, nikidhani yangu yatakuja kwa kupitia mtu mwingine kama kawaida. Ndipo mzee akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza tangu niingie mji wake, akaniita.

"Mama Wegesa."

Sikujua niitike au nisiitike. Nikaitika, "Abee, baba."

"Na wewe una mdomo. Siku nyingine utumie."

Basi. Ndilo karipio lote nililopewa, mwanangu, maneno yasiyojaza kiganja. Nimekaripiwa na wengi baada ya hapo, na padri, na mwenye nyumba, na hata wajukuu, wala hakuna lililonikaa kama lile.

Muuguzi alikuwa ametuambia tumwangalie mtoto kwa wiki mbili hivi, na tusimchanganye na watoto wengine. Magesa alifikiri tutafunga tu mlango wa nyumba. Mzee akakataa. Alisema ng'ombe unayemtilia shaka humnyweshi kisima kimoja na wenzake, na huyu naye hatanyweshwa. Akatoa mbuzi katika kibanda kilichokuwa pembeni mwa mji, akaamuru kifagiliwe na kupakwa upya. Humo ndimo nilimokaa na Wegesa. Chakula mama mkwe alikiweka juu ya jiwe, akaondoka, ndipo nikakifuata.

Sijui kama nitaweza kukueleza woga wa siku zile. Si woga wa kukimbia chui, ambao ukishakimbia umekwisha. Huu ulikuwa unakaa nami kitako. Kila kulipopambazuka nilimtoa Wegesa mlangoni penye mwanga, nikamfunua masikio, nikamtazama nyuma, nikamtazama shingo, kifua, mgongo. Akipiga chafya namgusa paji la uso. Akipikicha macho namshika mikono. Akilala sana naona ni homa, asipolala naona ni homa. Nilikuwa namsikia Mama Bwire hata pale mji wote uliponyamaza.

Na kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, Mzee Wambura alisimama langoni akaniita kwa sauti ya kufika mji wa pili. Yeye, mtu ambaye hakuwahi kuniomba hata chumvi!

"Mama Wegesa! Umeangalia?"

"Nimeangalia, baba!"

"Masikioni?"

"Hakuna kitu!"

"Haya." Kisha ananyanyua magogo ya lango, ng'ombe wanatoka.

Wanawake wa mji walinong'ona kwamba mzee amevunja mwiko. Mama mkwe aliwaambia kwamba mwiko ukivunjika utaungwa, mtoto haungwi.

Siku zikaenda, wiki moja ikapita na zaidi kidogo. Nikaanza kuthubutu kupumua. Ndipo asubuhi moja nikamgusa Wegesa, nikakuta amechemka. Nikamfunua. Tumboni palikuwa na vipele vyekundu, vichache, vidogo. Nilikaa chini mlangoni nimempakata, na sikumbuki nilikaa kiasi gani kabla sijasikia sauti.

"Mama Wegesa! Umeangalia?"

Nikamfunika Wegesa kitenge.

"Mama Wegesa!"

"Kuna kitu, baba."

Mzee hakusema "haya". Aliyaacha yale magogo ya lango yalivyo. Akamwita Magesa, akamwambia achukue baiskeli atupeleke zahanati upesi. Akamwambia akifika amwite mganga atoke nje amwone mtoto hukohuko nje, tusiingie kati ya watoto wa watu. Kisha akakaa juu ya jiwe mbele ya zizi. Nilipogeuka nyuma nikiwa kwenye baiskeli, alikuwa bado amekaa, na ng'ombe wanalia ndani, jua limeshapanda. Mama mkwe alinisimulia baadaye kwamba vijana walitaka kuwafungulia, mzee akawazuia. Aliwaambia, "Leo hizi ng'ombe zitangoja."

Mganga wa zahanati alitoka nje na kumtazama Wegesa chini ya upenu wa bati, macho, mdomo, masikio, kifua. Akauliza siku aliyochanjwa. Akahesabu kwa vidole. Akasema chanjo yenyewe huweza kuleta homa ndogo na vipele vichache baada ya siku kama hizo, na kwamba huenda ni hiyo, mwili unajifunza. Lakini naye alikuwa mwaminifu, akasema hawezi kuapa. "Mkaangalie. Macho yakiwa mekundu, akikohoa, vipele vikipanda usoni, mrudi saa hiyohiyo hata iwe usiku."

Basi tukarudi na huenda yetu. Siku mbili, mwanangu. Sikula. Magesa hakulala ndani, alilala nje ya kibanda kwenye majani, na kila nikijigeuza aliuliza, "Amekohoa?" Hatukuwahi kupendana kama siku zile, wala hatukuwahi kuogopana vile, maana kila mmoja alijua kwamba mtoto akienda, hatutaweza kutazamana tena.

Asubuhi ya tatu Wegesa aliamka amepoa. Tumboni hapakuwa na kitu. Alikuwa na njaa, akaninyonya kwa hasira kana kwamba nilimnyima kwa mwaka mzima. Nikamfunua masikio mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kisha nikangoja niitwe, lakini mzee alichelewa, nadhani aliogopa kuuliza. Nikatoka mlangoni, na mimi ndiye niliyemwita baba mkwe wangu kwa sauti ya juu, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hakulifanya.

"Baba! Hakuna kitu!"

Aligeuka akatazama upande mwingine. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akafungua zizi.

Mwezi huo kliniki ilipokuja, Mzee Wambura alitoka na fimbo yake akakusanya watoto wote wa mji, waliochanjwa na wasiochanjwa, akawaswaga mbele yake mpaka shuleni. Watu walimcheka njiani, wakasema mzee amepoteza ng'ombe sasa anachunga watoto. Aliwajibu kwamba sotoka iliacha zizi lake kwa sababu hakubakiza ndama hata mmoja nyumbani, kwani anayebaki ndiye anayeufungulia ugonjwa mlango. Tangu hapo sisi wakamwana wake hatukuwahi kumsingizia palizi.

Sasa nikuambie kwa nini nimehangaika kiasi hiki wiki hii. Ninaye mjukuu, Tabu, anakaa Bunda, mtaa wa Kabasa, anauza mitumba gulioni. Ana mtoto wa kiume aliyepata sindano ya kwanza ya surua alipofika miezi tisa. Siku hizi iko na ya pili, ya mwaka na nusu, na hiyo hajaipata. Jirani yangu aliponiletea ile habari, nilimpigia simu Tabu hapohapo. Akacheka. "Bibi, surua ni ugonjwa wenu wa zamani. Nitampeleka, gulio hili likiisha. Wateja wanakujaga mara moja kwa wiki."

Tabu ni mtoto wa Wegesa. Zile siku mbili za kungoja ndizo zilizomzaa. Angekohoa mama yake asubuhi ile, pasingekuwa na mtu wa kunicheka kwenye simu, wala gulio, wala huyo mtoto. Yeye anadhani surua ni ya zamani. Si ya zamani, mwanangu. Ilifukuzwa, na kitu kilichofukuzwa kinajua njia ya kurudi.

Nikakumbuka kwamba nina mdomo. Nikamwambia asinisubirishe mpaka gulio liishe, mimi nakuja. Kesho napanda basi la asubuhi. Nitakaa kwenye mitumba yake niuze mimi, na wateja watapunjwa au watanipunja, yote sawa, naye ambebe mtoto aende.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Kazi haitaisha. Ng'ombe, palizi, dagaa juani, gulio, vyote vina haki yake, na kila kimoja kitakuja siku ya kliniki na sababu nzuri ya kukuzuia. Usibishane na sababu, beba mtoto uende, kisha urudi kazini. Zote mbili, ya kwanza na ya pili, usiseme moja inatosha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kilio cha sindano hukoma kabla hujafika nyumbani. Ukimwona mtoto ana macho mekundu na kikohozi na homa, mpeleke upesi, na ukifika sema yote, usifiche kitu chini ya kofia, na umweke mbali na watoto wa wenzio, kwa kuwa nao wana mama. Mumeo akikuambia kesho, au mama mkwe, au hata mimi, sema hapana, ni leo. Tutanuna, kisha tutanunua soda tukupongeze.

Na ukimwona mama aliyeficha, usimtukane. Nimemfikiria Mama Bwire maisha yangu yote, na sijawahi kuona kwamba mimi nilikuwa bora kuliko yeye. Tofauti yetu ilikuwa siku chache tu.

Mungu akulinde wewe na wanao, mwanangu. Akupe mkono wa haraka na masikio ya kusikia. Akupe uzee mrefu wa kusumbua watu kama huu wangu, na siku yako itakapofika, wawe watoto wako wanaokuzika wewe, wote, pasipungue hata mmoja.